Tangi la Mfuniko wa Buluu

Jumatatu, 9 Juni

Nimepewa lori! Jipya, la shemeji. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, mtu asiyecheka hata akitekenywa. Sikupewa kwa sifa zangu. Mke wangu ndiye aliyenidhamini. Aliwaambia ndugu zake wote kwamba safari hii nimetulia. Sharti ni moja: lori lirudi bila taa yoyote ya onyo kwenye dashibodi. Ikiwaka, funguo anapewa Msafi.

Msafi ni dereva mwenzangu. Anafuta tairi kwa kitambaa. Simpendi.

Lori limefungwa kidude kinachomwonyesha shemeji lilipo na mwendo wake. Wanasema kinaonyesha lori tu. Sina hakika. Kila nikipiga chafya naiomba radhi dashibodi.

Hata jua halijawa kali, taa ikawaka. Ya njano, mchoro wa ekzosi na matone. Nikafikiri haraka. Nimebandika juu yake plasta ya kidonda. Haionekani tena! Naendesha kwa roho nyeupe.

Uongo. Naogopa mno.

Jumanne, 10 Juni

Mwanga unapenya kwenye plasta. Taa inanitazama. Nimeshindwa, nimeingia kituo cha malori.

Dada wa pampu akasema ni dawa ya ekzosi imepungua, ile ya kusafisha moshi. Ina tangi lake dogo kando ya tangi la dizeli, lenye mfuniko wa buluu. Nikamwambia hayo nayajua. Sikuyajua.

Nikamtaka anionyeshe kwanza hiyo dawa. Akanimiminia kidogo kwenye kikombe. Maji! Meupe, matupu! Mfuniko buluu, pampu buluu, dumu buluu, halafu dawa yenyewe haina rangi? Nikamwambia mimi si mtu wa kupigwa changa la macho. Akasema ndivyo ilivyo tangu alipoajiriwa. Msafi alikuwa pampu ya pili anajaza hayo hayo, akaniita ndugu yangu, akanisihi nimsikilize dada. Hapo ndipo nilipojua wamekula njama. Anautaka usukani wangu! Nusura nilitie maji lori la shemeji.

Nyuma ya kituo kuna duka. Nimetafuta mwenyewe, nimepata dawa ya buluu hasa, inapendeza mpaka unatamani kuonja. Imeandikwa ni ya kusafishia vioo. Inayoweza kioo itashindwa na moshi? Nimebeba yote iliyokuwepo. Muuzaji akauliza nyumba yangu ina madirisha mangapi. Nikasema mengi tu.

Nimemimina yote isipokuwa chupa moja, iko chini ya kiti. Taa imezimika! Plasta nimeibandua kwa heshima.

Jumatano, 11 Juni

Imerudi. Imekuja na ndugu zake.

Dashibodi imeandika kwamba dawa si sahihi na mwendo utapunguzwa. Kweli umepunguzwa. Nakanyaga mafuta, lori linaguna tu. Mlimani nimepitwa na baiskeli. Mwenye baiskeli amenipa pole.

Shemeji akapiga simu. Akauliza mbona natambaa. Nikasema ng'ombe wanavuka. Baadaye akapiga tena. Nikasema bado wanavuka. Akauliza ni ng'ombe wa nani hao wasiokwisha. Nikasema mwenyewe hajulikani. Mwishowe akasema nikifika kituo kinachofuata nisitoke hapo, anakuja.

Anakuja! Kazi nitapata nyingine. Lakini mke wangu aliweka jina lake mbele ya ndugu zake wote, na ndilo nililolimimina kwenye lile tangi. Nitamtazama kwa macho gani?

Alhamisi, 12 Juni

Fundi wa kituo amefungua mfuniko wa buluu, akanusa. Akasema tangi linanukia kama ofisi. Nimempigia magoti alimwage, alioshe pamoja na mipira yake inayopitisha dawa, na asimwambie mtu. Akasema yeye hasemi asipoulizwa.

Buluu ikajaa ndoo. Nikiwa natafuta pa kuimwaga, gari la shemeji likaingia. Nikaitua ndoo, nikasimama mbele yake kuificha. Ndoo pana, miguu yangu myembamba.

Shemeji hakunisalimu. Kioo cha gari lake kilikuwa vumbi tupu na wadudu. Akaiona ndoo, akachovya kitambaa, akafuta. Kioo kikang'aa! Akafuta na vya pembeni. Akasema hajawahi kuona dawa nzuri namna hii, nimeitoa wapi? Nikasema dukani. Ndiyo kweli yangu ya kwanza wiki hii. Nikajua nimepona.

Kisha akamuuliza fundi lori lilikuwa na nini. Fundi akanyoosha kidole kwenye ndoo.

Aliyoyasema shemeji siyaandiki. Madereva wengine walizima redio wasikie vizuri. Alikuwa ameshatoa simu ampigie Msafi, mke wangu akawahi kumpigia yeye. Nilimsikia nikiwa mbali. Hakunitetea hata kidogo. Alimwambia kaka yake aniache nimalize safari hii tu. Nikitia tena kitu cha kichwani mwangu kwenye tangi lile, ataninyang'anya funguo yeye mwenyewe, kisha atafungasha mabegi yake na kuhamia kwa kaka yake, moja kwa moja. Nadhani hata shemeji aliogopa, maana alinirudishia funguo upesi.

Fundi amejaza dawa ile nyeupe. Ilipokuwa ikiingia nimetazama juu.

Ijumaa, 13 Juni

Lori linapaa! Dashibodi giza tupu, hakuna hata nukta. Nimekuwa mtu mwingine. Nikiwa narudi nimepita kwa dada wa pampu, nimemwomba radhi, nikamwacha aongeze dawa yake nami kimya. Alifurahi. Msafi alinipungia mkono. Nilimpungia.

Lakini roho haitulii. Mfuniko buluu, ndani hamna hata tone la buluu. Je, kama wote wamekosea? Lori likinifia njiani, mke wangu atajua ni wao? Na shemeji, kwa kinywa chake, si alisema hajawahi kuona dawa nzuri namna ile?

Nimesimama kando ya barabara. Chupa ilikuwa bado chini ya kiti. Nimetia kidogo tu, kwa ajili ya rangi. Kidogo hakikuonekana, nikaimalizia.

Simu imeita. Ni mke wangu. Anauliza mbona kaka yake anasema naanza kutambaa.

Nimemwambia ng'ombe wanavuka.