Keki Isiyonenepesha

Jumatatu, 3 Juni

Meneja katuita ofisini, mimi na mwanyumba wangu. Huyu ni mume wa mdogo wake mke wangu. Tumeoa nyumba moja, tunafanya kazi kiwanda kimoja cha keki na biskuti, maabara moja. Meza yake iko dirishani. Yangu iko nyuma ya friji.

Katuonyesha gunia la unga mweupe. Ni wanga uliopikwa kwa moto na asidi mpaka tumbo linashindwa kuuvunja. Unautia kwenye keki mahali pa sukari na mafuta, keki inabaki na umbo lake, mlaji hanenepi. Tatizo ni ladha. Nimeonja kidogo kwa ncha ya kidole. Kama kulamba bahasha iliyolala na betri.

Mkuu wa kitengo cha ladha anastaafu. Atakayeuondolea unga huu ladha hiyo kabla ya Ijumaa ndiye atakayekalia kiti chake. Mwanyumba aliuliza maswali. Mimi sikuuliza kitu. Nilitabasamu kama mkuu wa kitengo.

Nyumbani mama mkwe aliniuliza siku hizi nafanya kazi gani. Yuko kwetu akisubiri kupasuliwa goti. Nikamwambia nashughulika na wanga. Akavuta kiti chake nyuma. Mke wangu ikabidi amweleze kuwa ni wanga wa kwenye viazi, si wale wa usiku. Hakurudisha kiti.

Lakini nina mpango. Daktari hampasui mpaka apungue uzito, na yeye bila keki siku yake haijaanza. Nikimpa keki tamu isiyonenepesha, nimepata cheo na mama mkwe kwa mpigo mmoja. Kwa sasa mkwe anayependwa ni mwanyumba. Alimletea ndara za manyoya.

Jumanne, 4 Juni

Mwanyumba anaosha unga! Anauyeyusha, anaupitisha kwenye chujio la mkaa, anaukausha, anaonja, anarudia. Anasema uchungu ni mabaki ya asidi na sukari iliyoungua, yakitoka nao unatoka. Nikamuuliza kama atauanika kwenye kamba. Akasema kamba haitafaa. Mtu hana utani.

Mimi nafunika. Kwa nini uhangaike kutoa kitu unachoweza kukifunika? Nimetia vanila. Uchungu ukabaki. Nimeongeza vanila. Uchungu uko palepale, sasa umejipulizia manukato. Nikatia kahawa, kisha ganda la chungwa. Mpishi wa jiko la majaribio alitema kwenye kitambaa. Akasema ananiheshimu, ila haonji tena kitu changu mwezi huu.

Kipande kimoja nilimpelekea mama mkwe. Alitafuna taratibu, akameza kwa taabu. Akauliza kwa upole kama kuna jambo amenikosea.

Jumatano, 5 Juni

Baada ya chakula cha mchana maabara ilikuwa tupu, na kabati la mwanyumba lilikuwa wazi. Nilichungulia tu. Kisha nikaonja tu. Unga wake hauna uchungu hata wa dawa. Safi kama maji, na utamu kwa mbali. Roho iliniuma.

Nikachukua kopo lake, nikaweka mahali pake kopo lenye unga wa gunia, ili kabati lisionekane na pengo. Si wizi. Unga wote ni wa kiwanda.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeongeza mchango wangu: chumvi kidogo na harufu ya siagi. Keki ikatoka nzuri ajabu. Nikaona kama unga kidogo unafaa, mwingi utafaa zaidi. Nikautia mara tatu ya kipimo.

Wakati wa chai mwanyumba akasema, wala hakuna aliyemuuliza, kwamba unga huu usizidi. Kwa kuwa tumbo haliuvunji, ukiwa mwingi unavuta maji na kushuka nayo. Kipande chembamba, basi. Nikaitikia. Nayajua maneno ya mtu anayeona mwenzake anamkaribia.

Jioni nikampa mama mkwe kipande. Alifumba macho. "Leo ndiyo umenipikia, mwanangu." Akarudisha kiti.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nimemwachia mama mkwe keki nzima mezani, na kisu.

Kazini mwanyumba alionja keki yake kabla ya kuitoa. Akakunja uso, akaifunika, akamwambia meneja hana cha kuonyesha. Nilimhurumia kidogo.

Yangu ikakatwa. Meneja, mhasibu na watu wa mauzo walianza kula kama kazi. Baadaye wakasahau kuwa ni kazi. Mhasibu alifunga kipande kwenye karatasi ampelekee mkewe, akakimaliza kabla ya kufika mlangoni. Meneja akanishika mkono, akasema kitengo kimepata mkuu. Nikaanza hotuba. Nilipofika kwenye neno "uvumilivu", meneja aliomba radhi akatoka. Mhasibu akamfuata. Kisha mauzo wote.

Ghorofa yetu ina choo kimoja. Mhasibu, mtu wa adabu zake, alikuwa anagonga mlango kwa viganja vyote viwili.

Mke wangu akapiga simu. Hakusalimia. Aliuliza nimemwachia mama yake nini. Mama hajavuka sebule bila fimbo tangu mwaka jana, na leo amekimbia.

Nikasema basi goti limepona. Akakata simu.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe amelala, ananyweshwa maji ya sukari na chumvi kwa kijiko. Kijiko anakishika mwanyumba. Yupo tangu asubuhi. Nilingoja aniumbue mbele ya watu. Alingoja mpaka tulipokutana kwenye korido.

"Ungeniomba kopo ningekupa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Na ningekupa kipimo chake."

Nikamwambia sielewi anazungumzia nini. Akatikisa kichwa, akaenda kuosha vikombe.

Mama mkwe akaniita. "Keki yako ilikuwa tamu mno," akasema. "Ile mbaya isingenifikisha huku."

Mke wangu amempima. Uzito umeshuka. Nimewaonyesha wote mizani. Hakuna aliyenipongeza.

Jumatatu, 10 Juni

Mwanyumba ndiye mkuu wa kitengo. Meneja alitaka niondoke kabisa, mwanyumba akaniombea. Ni dhahiri wanaogopa nisichukuliwe na kiwanda kingine. Nimehamishiwa ufungashaji, ghorofa ya chini, jirani na mapokezi.

Nimelifikiria jambo zima kwa utulivu. Kosa lilikuwa kisu. Mtu akipewa kisu anajikatia pande kubwa. Dawa yake ni pipi. Pipi ni kitu kidogo: unamung'unya moja, unaridhika. Nimezitengeneza kwa unga uleule, nikatia mnanaa. Ni tamu kuliko keki.

Nimeweka bakuli mapokezi, kila apitaye ajichukulie. Mlinzi kajaza mfuko wa shati, akaniambia sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki. Mchana wanakuja wakaguzi wa afya. Nimeongeza bakuli la pili.