Mahari ya Maharagi

Jumatatu, 7 mwezi wa nane

Nimetoka Kavimvira, mpakani na Burundi, na maharagi kilo hamsini. Nimefika soko la Kasenga, hapa Uvira, na hasira kilo mia.

Pale mpakani: mwenye muhuri ametaka chake. Mwenye mizani ametaka chake, na mizani yenyewe imekufa tangu Pasaka. Mwenye kamba, ambaye kazi yake yote duniani ni kushusha kamba, ametaka chake ili aishushe. Wa mwisho ameingiza mkono ndani ya gunia, akasema maharagi haya yana homa. Nimelipa dawa ya homa.

Kila mmoja akimega, bei inapanda. Leo mama mmoja mwenye watoto sita amesimama mbele ya meza yangu, amepima kopo kwa macho, akaenda. Si mchoyo. Hana. Na minye mwenyewe siwezi kushusha.

Bernardine, jirani yangu wa meza, ameshusha. Anaenda Bujumbura njia ileile, anarudi na maharagi yaleyale, anauza chini yangu, na bado ananenepa! Nimemuuliza siri. Amesema hakuna siri: kuna orodha ukutani pale douane, ofisi ya ushuru, maharagi na mafuta ya mawese havilipi kitu kwa sisi wachuuzi wadogo, unaomba kikaratasi tu. Nimecheka hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka. Leta, serikali inayolipisha hadi kiti ninachokalia sokoni, iache maharagi? Mwanamke huyu ananificha.

Habari njema: Jumapili ukoo wa Espoir unakuja kujitambulisha rasmi. Espoir ni muuguzi, anatoka Kilibula, mtoto wa watu. Anamtaka Providence wangu. Providence ana diplome ya Leta, asilimia 68. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni 68.

Wageni watakuwa kumi na watano. Lazima wale hadi walegee. Maharagi, mafuta, vyote vingi. Na meza yangu sokoni ijae mpaka Bernardine aumwe na macho.

Jumanne, 8 mwezi wa nane

Nimepata! Nilikuwa nafua, nikaacha nguo kwenye maji.

Jumamosi iliyopita niliona msafara wa mahari ukitoka Burundi. Akina mama wenye bitenge vya aina moja, vikapu kichwani, nyimbo. Mwenye kamba aliishusha mwenyewe! Mwenye mizani alipiga makofi! Hakuna aliyefunua kikapu. Nani atapima mahari ya mtoto wa watu? Hata mwizi anaogopa laana hiyo.

Basi. Vikapu sita. Maharagi chini, kitambaa cheupe juu, ua la plastiki katikati. Mafuta ya mawese kwenye bidon zenye utepe, yaonekane kama kasiksi, pombe ya ndizi ya wakwe.

Mdogo wangu Florentine amekubali kabla sijamaliza kueleza. Akina mama wanne wa kwaya wamekubali baada ya kuuliza kama kutakuwa na chakula. Bwana harusi ni Onesphore, anayebeba magunia yangu kwa baiskeli. Ana miaka thelathini na tano na hajaoa. Amesema yeye hajawahi kuoa hata kwa mchezo, atatetemeka. Nimemwambia atetemeke, mabwana harusi wote wanatetemeka. Nimempa suti ya mume wangu Placide, ile ya ndoa yetu. Placide hajui. Placide hajui mambo mengi, ndiyo maana tumeishi vizuri.

Providence ameona tepe, akauliza. Nimemwambia ni za Jumapili. Ameniambia, Mama, nenda tu usome ile orodha. Nimemjibu minye niliishia darasa la sita, lakini nasoma nyuso za watu, na nyuso za douane hazijaandikwa "bure".

Jumatano, 9 mwezi wa nane

Bujumbura. Nimenunua. Muuzaji alitaka kujua ni vya nini, nikamwambia mahari. Akaongeza kopo mbili za bure na kuniombea wajukuu. Mpango unalipa kabla haujaanza!

Vikapu vimekodiwa. Kukodi vikapu ni ghali, sikujua. Bitenge vya aina moja pia. Nauli za watu saba, na chakula, maana kwaya haina aibu mbele ya sahani. Tutalala kwa shangazi, tuvuke kesho asubuhi.

Alhamisi, 10 mwezi wa nane

USHINDI!

Tumefika kamba ya Kavimvira saa tatu tukiimba. Onesphore mbele, suti inamfikia katikati ya mguu, anatetemeka kama alivyoahidi. Mwenye kamba ameshusha. Mwenye mizani amepiga makofi. Wabadilisha pesa wameacha pesa zao wakaja kutazama. Yule wa homa ya maharagi amepiga bigelegele, mwanaume mzima!

Kisha ametoka ofisini mzee mmoja wa douane, mpya hapo, miwani, kofia, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Amesema mahari haivuki kimyakimya, ni desturi, tucheze. Tumecheza. Amesema tena. Tumecheza tena. Jua lilikuwa kali, kikapu kilo ishirini na tano. Florentine amenong'ona kwamba kama mbinguni kuna faini ya uongo, tumeshailipa kwa shingo.

Bidon moja imevuja. Mafuta ya mawese, mekundu, juu ya suti ya ndoa yangu. Mzee ameitazama kasiksi nyekundu muda mrefu.

Ameuliza kama bibi harusi ni mtoto wa nani. Ningeweza kutaja jina lolote. Majina yamejaa duniani! Lakini mtu anaponiuliza kuhusu binti, mdomo wangu unajua njia yake. Nimesema ni Providence, binti ya Placide, wa Kasenga, diplome ya Leta, asilimia 68, na mimi ndiye niliyemzaa.

Mzee amevua miwani. Ameuliza tangu lini mama wa binti anatembea na wakwe, amebeba kichwani mahari ya mtoto wake mwenyewe. Kwa kweli hapo nilikosea, mama wa binti anangojea nyumbani. Lakini sikukwama. Nimesema nimekuja kuwaonyesha njia.

Ameandika jina la Providence kwenye daftari lake, polepole. Ametoa baraka. Ameweka noti juu ya kikapu changu. Noti! Nimepita douane na douane ndiyo imenilipa!

Ijumaa, 11 mwezi wa nane

Asubuhi: meza imejaa. Nimeshusha bei chini ya Bernardine. Yule mama wa watoto sita amerudi, amenunua kopo nne, nikamwongezea moja juu kwa furaha. Bernardine ameuliza nimepitaje. Nimemwambia, dada, kuna watu wa orodha na kuna watu wa akili.

Mchana: mwanamke nisiyemjua amenipongeza kwa mkwe wa Burundi. Kisha wa pili. Wa tatu amesema ameona bwana harusi ni mrefu ila suti fupi.

Saa kumi: Espoir amekuja nyumbani na pikipiki, hakuvua hata koti. Ameongea na Providence mlangoni. Ameondoka bila kunisalimia. Yeye, anayenisalimiaga mpaka nachoka!

Mzee wa miwani anaitwa Kizito. Ni mjomba wa Espoir. Ndiye msemaji wa ukoo. Ndiye aliyekuwa aje Jumapili kusimama katika nyumba yangu na kuomba binti yangu, yule yule ambaye jana alinibariki kwa kumwoza kwa mwingine.

Hawaji tena. Wamesema binti aliyekwisha kutolewa mahari habishiwi hodi.

Providence hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Amekunja kitenge alichoshona cha Jumapili, amekirudisha sandukuni, akaniuliza swali moja tu: kama nilikuwa namuuza kwa maharagi au kwa mafuta.

Placide ameona suti. Ameichukua, akaenda uani kuisugua kwa sabuni. Nasikia tu mbuzi.

Jumamosi, 12 mwezi wa nane

Tumekwenda Kilibula, watatu: mimi, Placide, Providence. Placide ndiye aliyeamua. Sikujua kama anaamuaga.

Mzee Kizito alikuwa uani, kofia ameivua, lakini uso ni uleule. Josée, mama wa Espoir, alitupa viti bila kutupa maji. Espoir alisimama mbali, kama mtu anayengojea matokeo ya damu ya mgonjwa wake.

Mzee amesema neno lake ni fupi. Ama Alhamisi ilikuwa mahari, basi binti ni wa watu, na twende kwa amani. Ama haikuwa mahari, basi ilikuwa fraude, magendo, na yeye ni mtu wa douane. Nichague.

Nimejaribu njia ya tatu. Nimesema ilikuwa igizo la kwaya. Ameuliza kama igizo hilo linauzwa sokoni Kasenga kwa kopo, maana mke wake amenunua mawili.

Placide amekohoa. Providence alikuwa amekaa karibu na mlango, vidole vinazungusha pete ya plastiki ambayo Espoir alimpa wakiwa bado shule. Hakunitazama. Miaka ishirini na mitatu nimewaambia watu wote wa Uvira kuhusu mtoto huyu, na leo nilitakiwa kusema jambo moja tu kwa ajili yake, mbele ya watu watano.

Nimesema: ni fraude. Neno limepita kooni kama mwiba wa samaki mukeke. Onesphore si mtu wa kitu, anabeba magunia, hajaoa hata kwa mchezo. Binti yangu hana mahari ya mtu. Nifungeni mimi, nyie muoe yeye.

Kisha Mzee Kizito ameanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Alikuwa anacheka, machozi yanatoka chini ya miwani. Ameingia ndani, amerudi na karatasi. Ile orodha! Amenipa nisome mwenyewe, kwa sauti. Maharagi: hayalipi. Mafuta ya mawese: hayalipi. Kikaratasi chenyewe, bei ya soda moja. Amesema miaka ishirini na miwili ya kazi hajawahi kuona mtu akificha kitu ambacho Leta haikitaki.

Hapo nikachemka. Nimesema, Mzee, kama ni bure, Jumatatu nililipa nini? Mwenye muhuri alikula nini? Homa ya maharagi ilitoka wapi? Mkwe au si mkwe, nijibu!

Ameacha kucheka. Ametazama viatu vyake. Amesema orodha iko ukutani, lakini mikono iko mlangoni. Amesema ndiyo maana wamemhamishia pale, na ni mmoja, na milango ni mingi. Siku nyingine nidai karatasi, asiyetoa karatasi nisimpe. Nimemwambia ni rahisi kusema hivyo ukiwa na kofia. Josée akasema, hapo Mama Providence ana haki. Akaleta maji.

Lakini jambo halikuishia hapo. Mzee alitoa baraka ya mahari ya uongo kwa mdomo wake, hadharani. Lazima mdomo uoshwe. Ukoo umekaa pembeni, umerudi na hukumu: mbuzi mmoja, na maharagi na mafuta yote yaliyobaki. Na noti yake.

Placide amekubali kabla sijafungua mdomo. Mara mbili kwa siku moja!

Jumapili, 13 mwezi wa nane

Wamekuja. Kumi na watano, na wawili wa ziada. Mzee Kizito amesimama sebuleni kwangu, ameomba binti kwa maneno mazuri hadi Florentine amelia. Providence amevaa kile kitenge. Walipomuuliza kama anawajua wageni hawa, amesema anamjua mmoja, na amenitazama mimi kwanza, akacheka. Nimelia pia. Niliwaambia ni moshi.

Wamekula maharagi. Maharagi yangu, ambayo tangu jana ni yao. Nimenunua nyongeza kwa Bernardine, kwa bei yake. Ameniwekea kopo lililojaa, na hilo ndilo liliniuma.

Harusi mwezi wa kumi na mbili.

Jumatatu, 14 mwezi wa nane

Nimekaa, nimefikiri kwa utulivu. Vikapu, bitenge, nauli, tumbo la kwaya, suti, mbuzi. Dhidi ya kikaratasi cha soda moja. Watu wepesi watasema nilikosea.

Kosa lilikuwa dogo sana: nilibeba bidhaa zisizolipa. Nimeisoma orodha vizuri, darasa la sita si mchezo. Sukari haimo. Sabuni haimo. Bitenge havimo. Hivyo ndivyo vinavyolipa, tena sana! Hivyo ndivyo vya kupitisha.

Na mwezi wa kumi na mbili kutakuwa na mahari ya kweli, bwana harusi wa kweli, na mjomba wa kweli wa douane ndani ya ukoo. Nani atafunua kikapu?

Josée ana dada Bujumbura. Leo asubuhi nimempigia Josée simu, nimemwambia kwa upole kwamba vitu vya mahari ni rahisi kule, na itakuwa heshima kubwa msafara ukitokea upande wa Burundi. Amesema ni wazo zuri, yeye hakulifikiria. Mama mzuri sana, tutaelewana.

Providence anasema wabebaji kumi wanatosha. Nimeandika arobaini na wawili.