Saa Salama ya Kusafiri

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Leo masjala imepokea ripoti ya mwaka ya ajali na uhalifu. Kurasa themanini. Ilikuwa iende kwa meneja. Nimeigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nimeiandika kwenye rejista, kisha nikaisahau kwa makusudi ndani ya begi langu. Miaka kumi na minne nimefungua barua za watu wengine. Hii ni yangu!

Maana nyumbani kuna vita. Alhamisi, saa nne asubuhi, mama mkwe anatakiwa kliniki ya macho mjini akatolewe mtoto wa jicho. La kulia kwanza. Akikosa, nafasi nyingine ni baada ya miezi sita, na sasa hivi anamimina chai kando ya kikombe. Mwalimu wa hesabu mstaafu! Amesahihisha madaftari miaka thelathini, leo anasomewa hata karatasi ya dawa. Inauma kumtazama.

Nani ampeleke? Mimi nina gari. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana mdomo. Ni mlinzi wa ghala, lakini anatoa amri hata kwa kuku, ndiyo maana tunamwita Kamanda. Anasema wapande treni ya alfajiri, wameshikana mikono, kwa sababu wezi wa mjini wanakuibia soksi bila kukuvua viatu. Mama mkwe ameingiwa na hofu. Ameshona mfuko ndani ya sketi, na mfuko mwingine ndani ya huo mfuko.

Kamanda hatapata sifa hii. Labda mimi nife.

Jumanne, 4 Machi

Nimeisoma ripoti kazini, nimeificha ndani ya faili la Malalamiko ya Mabomba. Ofisi yetu ni ya maji. Hakuna anayefungua faili hilo.

Matokeo yamenitoa machozi ya furaha. Walioporwa mjini: 31 kwa kila watu laki moja. Walioumia barabarani: 94 kwa kila watu laki moja. Kwa hiyo adui si mwizi. Adui ni barabara, tena anamshinda mwizi mara tatu!

Jioni nimewakusanya sebuleni. Kamanda akasema yeye amekamata wezi wanne kwa mikono yake miwili. Nikamwuliza ni wangapi kwa kila laki. Akaanza kuhesabu vidole! Mama mkwe akauliza kama wote wanaoporwa huenda kuandikisha. Nikasema ripoti ina muhuri. Akauliza ni muhuri wa nani. Nikajifanya nakohoa.

Kisha mke wangu, ambaye alikuwa anakunja nguo na wala hakuinua kichwa, akauliza: kama barabara ni hatari kuliko wezi, si ndiyo sababu ya kupanda treni?

Swali la hila. Nalala nalo.

Jumatano, 5 Machi

Jibu limepatikana! Ukurasa wa 47. Jedwali la ajali kwa saa.

Saa 08 hadi 10: ajali 412. Saa 02 hadi 04: ajali tisa. Tisa! Mwaka mzima! Tukitoka saa mbili asubuhi, saa tatu tuko mjini, saa nne mama kalazwa kwa daktari. Safari nzima ndani ya usalama. Wakati wa kurudi tutakwepa saa nane hadi saa kumi, maana mchana huo madereva wameshiba na wanasinzia. Takwimu na akili zimepeana mkono.

Hiyo sifuri iliyotangulia mbili nimeipuuza. Sifuri mbele ya namba haina thamani, mama mkwe mwenyewe alifundisha hivyo. Halafu jedwali lina saa 14, saa 18, hata saa 22. Saa hizo hazipo. Kosa la mpiga chapa. Nimezikata kwa wino mwekundu, meneja asije akapotoka.

Nimemsomea mama mkwe kwa sauti: saa mbili hadi saa nne, ajali tisa. Akashangaa. Akasema saa mbili asubuhi dunia nzima inakwenda kazini, inakuwaje ajali ziwe tisa tu? Nikamweleza kwamba asubuhi kila mtu ameshaoga, amekunywa chai, ana adabu. Kisha akasema yeye hawezi kubishana na namba asiyoiona.

Nimeshinda! Kamanda kasema haraka haraka haina baraka. Atakuja nasi, kiti cha nyuma. Hilo ni sharti la mke wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Tumeondoka saa mbili kamili. Gari limewaka mara ya tatu, dalili njema.

Baada ya dakika kumi tukasimama. Magari ya shule. Malori ya saruji. Kila mwenye gurudumu alikuwa pale. Kamanda akasema, kwa saa isiyo na watu, watu ni wengi. Nikamjibu kwamba wingi wa magari si wingi wa ajali. Mama mkwe akauliza kama tumefika. Tulikuwa bado tunaliona duka la jirani yetu.

Saa tatu na nusu, mzunguko wa mwisho kabla ya kliniki. Kamanda akanipigia kelele nitazame mbele. Nikaachia usukani kwa mkono mmoja tu, nimwonyeshe jedwali. Nikagonga gari la mikate. Polepole sana! Milango yake ya nyuma ikafunguka, mikate ikamwagika barabarani. Dereva wake akashuka akiwataja watu wa ukoo wangu mmoja mmoja.

Akaja askari wa barabarani. Akasema hii ni ya saba leo, na saa hii ndiyo mbaya kuliko zote. Maskini, hajasoma ripoti. Nikamfungulia ukurasa wa 47. Akaita mwenzake. Wakasoma, wakatazamana, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ofisini sijawahi kusikilizwa hivyo.

Lakini nilipogeuka, mama mkwe alikuwa analia. Kimya kimya, kiti cha mbele, mkoba kaubana kifuani, anauliza ni saa ngapi. Saa tatu na dakika arobaini na tano. Hapo moyo uliniuma kweli.

Kamanda alifungua mlango, akachuchumaa, akambeba mama yake mgongoni. Mwanamke wa miaka sabini na moja! Akakata katikati ya magari anapuliza filimbi yake ya ghalani, na malori yakampisha. Wamefika saa nne kasoro dakika tatu. Jicho limefanyiwa kazi, salama salimini.

Hesabu ya siku: ajali moja, wizi sifuri. Mikate kumi na miwili imetoweka, lakini haikuwa yetu. Barabara imemshinda mwizi, kama nilivyotabiri. Ripoti imethibitishwa!

Jumapili, 9 Machi

Bandeji imetolewa juzi. Leo mama mkwe kakaa dirishani anaangalia kila kitu kama mgeni. Kamtazama mke wangu, kasema amenawiri. Kamtazama Kamanda, kamshika shavu. Mimi kanitazama muda mrefu kuliko wote. Akasema sasa anamwona vizuri mtu aliyempa binti yake. Nimeguswa sana.

Kisha akasema mwenye macho haambiwi tazama, nimletee hiyo ripoti. Nikampa, pamoja na makombo ya mkate. Akalifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akashuka mpaka chini ya ukurasa, penye maandishi madogo kama chawa. Akasoma kwa sauti ya darasani: saa zote zimehesabiwa kuanzia usiku wa manane.

Yaani 02 ni saa nane usiku, wakati walio macho ni mbwa na Kamanda. Na 08 ndiyo saa mbili asubuhi. Saa yetu. Ajali 412. Kamanda akasema sasa ni 413.

Mama mkwe akaendelea. Hata hizo tisa hazisemi kitu mpaka ujue ni magari mangapi yanapita saa hiyo. Hata walioporwa hawasemi kitu mpaka ujue wangapi walinyamaza. Na saa 14 ipo. Akaomba kalamu yangu nyekundu, akanipa mbili kwa kumi.

Mbili! Nilitegemea sifuri.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao cha familia. Jicho la kushoto ni Alhamisi, tarehe 20, saa tisa alasiri. Nafasi ikipotea, miezi sita ileile. Imekubaliwa tutakwenda kwa treni, mama mkwe, Kamanda na mimi. Mimi sitashika usukani. Sitashika ripoti (nimeirudisha kwa meneja, ameuliza habari za wino, nimesema ilifika hivyo). Kamanda alitaka nisishike chochote. Mke wangu naye alikuwa upande wake. Ni mama mkwe aliyenitetea. Akasema mwanafunzi asipopewa zoezi hatajifunza. Basi mimi ndiye nitakayekata tiketi.

Waziri wa Uchukuzi! Bila hata kuomba!

Jumatano, 19 Machi

Tiketi ninazo! Tatu, viti vinavyofuatana, karibu na dirisha ili mama mkwe aone njia nzima kwa jicho jipya. Nimepanga foleni dakika hamsini. Kamanda asingeweza.

Zimeandikwa 07:00. Mtu mwingine angebabaika. Mimi nimeshafunzwa! Kuhesabu kuanzia usiku wa manane ni mambo ya wataalamu wa ajali. Reli ni ya wananchi, na mwananchi akisema saba ni saba. Tunaondoka saa saba mchana, saa nane tuko mjini, saa tisa kliniki. Sijapata kuona mpango uliokaa vizuri hivi.

Mama mkwe aliomba azione. Nikamwambia zimefungwa kabatini, apumzishe jicho, kila kitu kiko sawa. Akanishika mkono. Akasema kwa hili ananiamini. Miaka kumi na moja ya ndoa, hajawahi kuniambia hivyo! Ilibidi niende jikoni nikajifute uso.

Kamanda, kwa tabia zake za ghalani, alitaka kuamsha nyumba nzima alfajiri. Nimemkataza kabisa. Mgonjwa anahitaji usingizi. Kesho watu wote walale mpaka saa tatu.