Ndoo Yenye Kwikwi

"Humu ndani kila kitu kina kazi," dada alisema, "isipokuwa hiyo ndoo na wewe!"

"Dada, punguza sauti. Majirani…"

"Wasikie! Siku zote wanakuona umelala. Ukisimama hawatakutambua."

Aliyekuwa akisemwa hivyo, mtaani walimwita Kipaza, kwa sababu mdomo wake ulifika mahali kabla ya miguu. Alikuja kwa dada yake kukaa wikiendi moja, na wikiendi hiyo sasa ilikuwa na umri wa kuota meno. Dada mtu alikuwa fundi cherehani. Mumewe, dereva wa lori, aliwahi kupenda kutengeneza bia nyumbani, mpaka chupa zilipopasuka chini ya kitanda na mke akaamua, kwa niaba ya wote wawili, kwamba mapenzi hayo yamekwisha. Bia iliondoka, vyombo vikabaki, na dada si mtu wa kutupa kitu. Kwenye sufuria kubwa aliloweka vitambaa vipya. Mpira wa kuhamishia bia ulinyonya maji kutoka kwenye pipa. Kipimajoto kilipima maji ya kumwogeshea mtoto. Ile mashine ya kubana vizibo ilibana vifungo vya chuma kwenye suruali, na havikung'oka hata mwenye suruali akishiba.

Ikabaki ndoo. Ilikuwa na kifuniko kilichobana sawasawa, na juu yake kijibomba kilichopinda chenye maji kidogo ndani. Bia ikichacha, hewa hutokea hapo na maji hupiga kwikwi: blup.

"Mimi silali bure," Kipaza alijitetea, akajitupa juu ya ndoo hiyo kama juu ya kigoda. "Nani anakuletea kopo la mkaa kila jioni? Nanunua kwa jasho langu."

Kifuniko kikabonyea. Blup, ndoo ikasema chini yake.

Papo hapo sauti ikapasuka uani: "Nani anaiba mkaa wangu? Leo nitamjua!"

Dada alilitazama jiko lake lililokuwa likiwaka vizuri. Kisha akamtazama mdogo wake. Kipaza aliinuka kidogo, akakaa tena. Blup. Akabonyeza kwa kiwiko. Blup. Mtu mwingine angeona aibu. Kipaza aliona fursa, akaikumbatia ndoo na kutoka nayo mbio.

Uani alisimama Mama Funguo, mwenye nyumba, funguo zote shingoni kama medali. Ufunguo mmoja ulikuwa wa chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Alikifunga tangu zamani, akingoja benki ije kukipanga. Dada alikwisha kukiomba mpaka akachoka. Alishonea ukumbini, ambako mvua ikija huwa inashona na yeye.

"Mama," Kipaza alisema kwa unyenyekevu, "kuwauliza watu ni kazi bure. Watu wana midomo. Iulize hewa."

"Hewa gani?"

"Mtu akisema uongo, pumzi yake huwa nzito. Chombo hiki huinusa, kikapiga kwikwi."

"Nani anatumia madude haya?"

Kipaza alishusha sauti. "Mabenki, Mama."

Mama Funguo alijishika kifua. "Sasa wewe unataka nini?"

"Mimi? Shukrani tu. Ila mtaalamu bila ofisi ni kama nyundo bila mpini. Tuseme hivi: ndoo ikimtaja mwizi, mwenye ndoo apewe chumba cha mbele, bure, mpaka benki itakapokuja."

"Naapa mbele ya hawa wote," Mama Funguo alisema, kwani wapangaji walikuwa wameshajaa. Tamasha la bure halikosi watazamaji.

Kipaza alichuchumaa kando ya ndoo, kiwiko juu ya kifuniko, kama mtu aliyechoka kwa elimu. Mfua nguo akasema hakuchukua mkaa. Kimya. Mzee anayetengeneza saa mbovu akasema hakuchukua. Kimya. Akaja kinyozi, baba wa watoto watatu, ambaye juzi tu alikataa kumnyoa Kipaza kwa ahadi ya kulipa baadaye.

"Mimi sijagusa mkaa wa mtu," kinyozi alisema.

Blup.

"Ebo! Baba watoto!" mfua nguo akaguta.

"Mizigo nje!" Mama Funguo akafoka. "Leo hii!"

Kinyozi alikuwa amenaswa. Akiongea, ndoo itamjibu; akinyamaza, amekubali. Mkewe akaanza kuanua nguo za watoto kwenye kamba.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, sindano mdomoni. Aliitoa.

"Subiri, Mama. Hata daktari huumwa akapimwa. Mdogo wangu kawapima wote, yeye bado."

"Mimi ni mtaalamu!" Kipaza akaruka.

"Basi mtaalamu asimame pale, nami nikae hapa nimwangalizie chombo." Akavuta kigoda, akaweka kiwiko chake palepale penye joto la kiwiko cha mwenzake. "Jana ulikula wapi?"

"Kwako, dada."

Kimya.

"Anasema kweli," watu wakanong'ona.

"Mkaa unaoniletea kila jioni unautoa wapi?"

"Nanunua."

Blup.

"Kwa nani?"

"Kwa… kwa jamaa mmoja wa baiskeli."

Blup, blup.

Ua mzima ukaangua kicheko. Kipaza alitaka kusema kwamba ndoo inadanganya, lakini angewaeleza vipi alivyojua?

"Mkaa uko jikoni kwangu, Mama," dada alisema. "Nimeupikia bila kujua. Nitakushonea mapazia ya nyumba nzima."

"Na kwikwi ya kinyozi je?"

"Tazama nani alikuwa ameiegemea. Ndoo ilinusa aliye karibu."

Mama Funguo alilitafakari hilo, akaliona la kisayansi. Mke wa kinyozi akaanza kuanika upya.

"Hata hivyo," Kipaza alisema, kwani mdomo wake haukujua kufa, "mwizi ametajwa. Kiapo ni kiapo. Mwenye ndoo…"

"Mwenye ndoo ni mume wangu," dada alisema. "Na yeye yuko safarini."

Ufunguo ukavuliwa shingoni na kutua kwenye kiganja cha dada. Hakungoja mtu abadili mawazo. "Cherehani kwanza," alimwambia mdogo wake. "Halafu meza. Halafu hiyo ndoo."

Kipaza alibeba. Jasho lake, alilokuwa akilitaja kila siku, hatimaye watu wakaliona. Mwishowe akaingia na ndoo kifuani, kidevu juu ya kifuniko, wakati Mama Funguo akikagua madirisha.

"Mapazia yangu lini, fundi?"

"Ijumaa, Mama," dada alijibu, kama mafundi wote wa cherehani duniani.

Blup.

Mama Funguo aligeuka. Kipaza alitabasamu, kidevu palepale. Dada aliitazama ndoo, akamtazama mdogo wake, akakichomoa kile kijibomba na kukitia mfukoni.

"Ndoo nayo imepata kazi," alisema. "Ichukue ukachote maji ya pasi."