Ngazi za Hajjati Zaituni

Jumatatu, 2 Juni

Ting! Mlio huo hautoki masikioni. Ni programu yetu ya kuchorea ramani za nyumba ikikataa kutendua tena, yaani kurudisha nyuma nilichokosea. Inakumbuka hatua ishirini tu za nyuma. Ukizimaliza, kosa lako ni lako milele. Ijumaa ilinikatalia, paa zima likaharibika. Khainza, wa meza ya pili, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Dada Shamira, kwako kutendua ni chumvi, lazima kila chungu." Ofisi nzima ikacheka. Yeye hatendui. Anachora mara moja, kama anayeandika jina lake. Simpendi.

Na sasa hili: Alhamisi bosi, Bwana Geresom, atachagua nani atoke Jinja aende Mbale, kusimamia nyumba ya Hajjati Zaituni kule Nakaloke. Kusimamia ujenzi! Nimeisubiri nafasi hiyo tangu chuo. Mchoro ni wa Khainza. Lazima uwe na kasoro.

Jumanne, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi. Ofisi yetu hapa Nalufenya tupu. Mchoro hauna kasoro. Nikautilia. Nimesogeza ngazi, sasa zinashukia chooni. Kesho bosi ataona, Khainza ataaibika, nami nitatendua mbele ya wote. Mwokozi! Kubonyeza mara moja tu. Sikuhifadhi, sikuzima kompyuta, ili hatua zisipotee. Nimeomba dua umeme usikatike. Unazaliwa hapahapa Jinja, bwawani, lakini mwana huyu hakai nyumbani.

Jumatano, 4 Juni

Nilisahau kidole cha bosi. Bwana Geresom hatazami mchoro bila kuzungusha gurudumu la kipanya: karibu, mbali, karibu, mbali, kama anayechagua samaki sokoni. Na programu hii jinga huhesabu kila mzunguko kuwa hatua! Kisha akahifadhi. Yeye huhifadhi kila anachogusa. Ndipo akaziona ngazi. Akauliza kama Hajjati anakusudia kupokea wageni chooni. Khainza akaniangalia mimi. Kwa nini mimi? Nikasema kwa upole, niachieni. Nikabonyeza. Mchoro ukaja karibu. Ukaenda mbali. Karibu. Mbali. Ting! Ngazi bado chooni.

Bosi akasema, kwa kuwa nina moyo hivyo, nizichore upya mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimechora hadi macho yakawa mekundu. Kwa hasira nikazipeleka ngazi upande wa sebule, zikapinda vizuri ajabu. Kazi bora ya maisha yangu! Lakini ofisini kwetu jina kwenye kona ya mchoro hubaki la aliyeuanza. Hajjati alipotumiwa mchoro akapiga simu, bosi akaiweka sauti ya juu tusikie wote. "Mwanangu Khainza, hizo ngazi! Nitashuka kama bibi harusi!"

Khainza anakwenda Mbale. Nilipiga makofi kuliko wote. Mlangoni akaninong'oneza, "Asante, dada. Siku nyingine ukitaka kuniharibia, anza na jiko. Hata mimi silipendi."

Anajua! Na bado anacheka! Heri angenitukana.

Jumamosi, 7 Juni

Mbale. Jana ilikuwa Idi, na ghafla nikamkumbuka shangazi Nusifa wa hukuhuku, ambaye sijamtembelea tangu nikiwa shule. Leo nikapita Nakaloke, kusalimia tu. Khainza alikuwa ameshapigilia vigingi na kufunga kamba ya msingi, imenyooka kama yeye. Mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba ya zamani ya Hajjati, hapo kando, anakula pilau. Pilau ya ngazi zangu! Wachimbaji walikuwa wamelala kivulini.

Nimefikiri kwa utulivu. Ile ya Jumatano ilikuwa kosa la programu. Hapa hakuna programu. Nimesogeza vigingi viwili, kidogo tu. Jumatatu bosi anakuja kukagua, nami nitavirudisha mbele yake.

Nilipokuwa naondoka, Lawrence, mkubwa wa wachimbaji, akaamka, akaniuliza, "Madamu, kamba iko sawa? Tunataka kuanza kuchimba sasa hivi."

Nikamwambia iko sawa kabisa.