Ubao wa Basi la Jumapili Usiguswe

Monteluccio, 9 Septemba

Kwa Mheshimiwa Ilenia Tordi,
Meya wa Monteluccio

Mheshimiwa Meya, na mwanafunzi wangu wa zamani,

Nakuandikia nikiwa kitini, blanketi magotini. Daktari ameniambia, kwa adabu nyingi, kwamba nisijisumbue kuagiza kuni za majira ya baridi. Kwa hiyo malalamiko yangu ni ya haraka, na naomba sana yasipelekwe kwenye kamati. Nimeyapa namba kama nilivyokufundisha.

1. Wageni wanaokuja Italia kwa mara ya kwanza hupanga kulala Roma siku nne, Firenze siku tatu, Venezia siku mbili. Sisi tunapewa saa mbili na nusu, kati ya basi la kupanda na basi la kushuka. Hufika saa saba na nusu mchana, kanisa limefungwa, duka limefungwa, watu wote wamejilaza. Kisha huandika kwenye mtandao kwamba mji wetu umekufa. Mheshimiwa, mji haujafa. Umeshiba.

2. Wengine hawashuki kabisa. Nimemwona kwa macho yangu mama mmoja akipiga picha kisima chetu kupitia dirisha la basi, akakiwekea alama kwenye karatasi yake. Siwezi kumlaumu sana, kwa sababu ugonjwa huo nimeuugua mwenyewe.

3. Mwaka 1964 nilimwoa Norma, nikapanga fungate yetu: miji kumi na mmoja kwa siku tisa, kila treni na dakika yake, kila kanisa dakika ishirini. Siku ya nne, tulipofika Bologna, Norma aliketi juu ya sanduku lake pale stesheni. "Evaristo," alisema, "mimi nalala hapa mpaka fungate iishe. Wewe nenda na ratiba yako, naona mnapendana."

Mheshimiwa, nilikwenda. Nilizuru Ferrara peke yangu, kesho yake Ravenna, bwana harusi wa siku nne, nikirudi kila jioni kwa treni. Niliporudi mara ya pili nilimkuta ameshaalikwa kwenye ubatizo, anajua jina la kila mtu wa uchochoro ule, na mama mwenye nyumba anamfundisha kukata tambi. Mimi nilikuwa na tiketi za makumbusho. Ya Ravenna sikumbuki hata moja. Ubatizo ule naujua wote, maana Norma alinisimulia kwa miaka arobaini na sita.

4. Sasa nafika kwenye ubao wa kituo cha basi, ambao ofisi yako imetangaza kwamba utang'olewa Jumatatu ijayo kwa sababu unapotosha wageni. Unapotosha, ni kweli. Niliuandika mimi.

Chama cha utalii kiliniomba niwatafsirie wageni ratiba. Basi la kushuka la saa kumi alasiri limeandikwa *feriale*. Wewe unajua, ila naandika wazi kwa ajili ya vijana wa ofisini kwako: maana yake ni siku za kazi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili la kupanda lipo, la kushuka halipo. Kila mtoto wa hapa analijua hilo. Lakini mimi, niliyefundisha Kilatini miaka thelathini na minane, nililitazama neno lile nikaona mzizi wake, nao ni siku za mapumziko. Nikawaandikia wageni hivyo. Kosa la siku ile lilikuwa la majivuno. Miaka kumi na sita ya kutolisahihisha ilikuwa makusudi.

Wa kwanza kukwama walikuwa mume na mke kutoka Uholanzi. Mume aliniita, akanionyesha ubao. "Mzee, hapa pameandikwa leo lipo."

"Pameandikwa, mwanangu," nikamjibu. "Ila aliyeandika si dereva."

Nikawapeleka kwa dada yangu Ersilia, mwenye vyumba viwili vya wageni. Alilalamika kwamba hakuandaa kitu, kisha akapika vyakula vinne. Wakakaa siku tatu. Tangu hapo ni nadra Jumapili kupita bila mgeni mezani kwake.

5. Hapa ndipo penye uzito wa barua yangu. Mimi na Ersilia tunaishi pamoja, sote tumefiwa na wenzetu. Nikiondoka, atabaki kula peke yake, na Ersilia akiwa peke yake hali kitu. Husimama karibu na jiko, akatafuna kipande cha mkate, akasema ameshiba. Nilimwona mwaka aliofiwa na mumewe. Gauni lilibaki kama limetundikwa kwenye msumari. Ubao ule ndio urithi pekee ninaomwachia.

6. Kwa hiyo naomba, kwanza, ubao usiguswe. Pili, basi la kushuka la Jumamosi nalo liondolewe. Tatu, daraja lifungwe kwa matengenezo bila kutaja tarehe ya kumaliza, jambo ambalo halitamshangaza mtu yeyote. Nne, ufikishe Roma pendekezo la sheria: mgeni wa mara ya kwanza asiruhusiwe kutoka nchini bila cheti, chenye sahihi ya mama mwenye nyumba, kinachothibitisha kwamba alilala mahali pasipo na makumbusho na akaongezewa chakula si chini ya mara mbili. Venezia iachwe kwa safari ya pili. Wanasema inazama, lakini haina haraka.

7. Kwa kuwa niko kwenye kukiri: ile sita yako ya Kilatini, iliyokufaulisha, ilikuwa tano.

Nisalimie mama yako, makatibu wako wote, na dereva wa basi, ambaye hana hatia. Msalimie na padri pia. Akija kunipaka mafuta ya wagonjwa, aje baada ya saa kumi, nitakuwa nimeamka.

Wako mtiifu kwa muda uliosalia,

Evaristo Panunzi
Mwalimu mstaafu

Baada ya sahihi: Nilimpa Ersilia barua hii aitie kwenye bahasha, naye akaisoma. Hakukasirika. Aliketi ukingoni mwa kitanda akaniuliza kama kweli niliamini watu wazima, wenye simu mfukoni, walikuwa wakikwamishwa na ubao. Kumbe kila Jumapili, kabla hajateleka maji ya tambi, huwaambia kwamba Quinto, mwuza jibini, hushuka na gari lake saa kumi na mbili jioni na huchukua watu bure.

"Wanaotaka kwenda wanakwenda," alisema. "Wengine wananiuliza tunakula nini. Wewe Evaristo, umesoma sana."

Mji mzima ulijua kuhusu gari la Quinto. Mimi hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniona nikitaka kwenda popote.

Ung'oe ubao, Mheshimiwa. Ukija kusimamia mwenyewe, Ersilia anauliza kama unakula kitunguu saumu.