Naomba Ahamishwe Binti Anayenifundisha Kumeza

Hiram Muiruri,
Gilgil.
14 Agosti 2008

Kwa Msimamizi wa Hospitali,
Nakuru.

Bwana Msimamizi,

KUH: BI. EUCABETH ADERO

Pokea heshima zangu. Nimeuza nyama Kikopey miaka thelathini na mmoja. Mwezi wa Aprili nilipatwa na kiharusi. Mkono ulirudi, maneno yakarudi, lakini chai ikawa inapotea njia na kuingia kwenye mapafu. Nililazwa mara mbili kwa nimonia. Ndipo mkanipeleka kwa Bi. Adero, mtaalamu wa usemi na kumeza. Nashukuru mno kwamba hospitali iligundua mzee wa miaka sitini na sita hajui kumeza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kwanza aliniuliza kama nakohoa nikinywa chai. Nilijibu kwa adabu kwamba sikohoi. Mke wangu Wachuka akasema, "Anadanganya, daktari. Jana alikohoa mpaka akatoka machozi." Akaaminiwa yeye. Naomba kujua mgonjwa ni nani.

2. Chai yangu sasa hutiwa unga wa kuifanya nzito kama uji. Nainywa kwa kijiko, nimeketi wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, kidevu kifuani, huku Wachuka akirudia alivyofundishwa: "Meza. Meza tena. Sasa sema aaa." Wageni hudhani tunaomba, nao hufumba macho.

3. Nyama. Wachuka alileta mbavu za mbuzi kutoka buchari yangu mwenyewe, na Bi. Adero akamwonyesha namna ya kuzisaga kwa mashine mpaka zikafanana na rangi ya ukuta wa ofisi yako. Nilimwambia aonje yeye kwanza. Alichukua kijiko, akala, akafikiri kidogo. "Imekosa chumvi, mzee," akasema. Akaongeza, akala tena. Mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

4. Mwaka huu, tangu ghasia za uchaguzi, watu wa mtaa wetu wamejifunza kuulizana majina kabla ya salamu, wajue kabila. Mimi Muiruri nalishwa na Adero, na Wachuka anamwita binti yetu. Bi. Adero hakuuliza tunatoka wapi. Aliuliza tu kama nimekaa vizuri. Sasa nitawaeleza watu nini?

5. Hili ndilo zito. Tangu Juni sijalazwa tena. Ndugu zangu wa Kabazi walikuwa wameshachagua nyimbo za mazishi yangu na kuanza mazoezi. Ameharibu mipango ya watu wengi.

Kwa hivyo naomba ahamishwe mara moja, apelekwe mahali ambapo kila mtu anameza vizuri.

Nisalimie madaktari, wauguzi, na yule mama wa jikoni ambaye hunionea huruma.

Mimi, mwenye koo lake,
Hiram Muiruri

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilisikia kutoka nyumbani kwa jirani yangu Kipketer kikohozi ninachokijua. Hatujasalimiana tangu Januari. Mama yake alitoka hospitali juzi, kiharusi kama changu, na alikuwa akinyweshwa maji amelala. Niliingia na mkongojo wangu bila kubisha hodi, nikaondoa kikombe. "Hapana, mama. Kwanza tukuketishe." Kipketer aliniangalia, kisha akamshika mama yake mgongo upande wa pili. Nimempa mama huyo nafasi yangu ya Jumanne kwa Bi. Adero. Tafadhali asihamishwe kabla ya Jumanne, wala baadaye.